Namba ya Simu kwenye Karatasi ya Hospitali

Karatasi ya kumpokea mgonjwa ilikuwa na sehemu nne za kujaza: jina la mgonjwa, umri wake, mahali anapoishi, na namba ya simu ya mtu wa familia anayemsimamia. Tatu za kwanza nilizijaza kwa ukweli na kwa mwandiko wa mwalimu, maana ndiyo kazi yangu. Katika ya nne niliandika namba yangu, lakini tarakimu mbili za mwisho nilizigeuza, ya mbele ikaja nyuma na ya nyuma ikaenda mbele, kwa namna ambayo kama ningeulizwa ningeweza kusema ni haraka tu. Hakuna aliyeniuliza. Nilimwacha yaya kwenye benchi la ukumbini, akiwa amekumbatia mfuko wenye vitenge viwili na sabuni, nikapanda gari kurudi Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo.

Yaya ndivyo tunavyomwita hapa kwetu kaka au dada mkubwa, na huyu wangu ndiye aliyenilea. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu hadi nikamaliza shule. Ugonjwa ulimjia akiwa na miaka 31, bila vita kufika mlangoni mwetu siku hiyo, bila kufiwa na mtoto, bila kufukuzwa na mume; ulimjia katika mwezi wa kawaida, bei ya sambaza ikiwa nzuri. Alianza kuzima redio kwa sababu ilikuwa inamtaja jina. Kisha akaanza kusema kwamba sufuria zake zimebadilishwa usiku na kuwekwa nyingine zinazofanana nazo. Kisha akaacha kulala. Ninaomba msomaji ayaweke akilini mambo mawili hapo, kwamba hapakuwa na sababu ya kuonyesha kwa kidole, na kwamba kulikuwa na zile sufuria.

Siku chache zilizopita, katika chumba cha walimu, wenzangu wawili walibishana juu ya madaktari wa magonjwa ya akili. Mmoja, anayefundisha historia, alisema kwamba kazi yao haijawahi kuwa tiba, ni ulinzi wa gereza uliovishwa koti jeupe. Mwingine, ambaye shemeji yake alipata nafuu kwa dawa, alisema kwamba bila wao mtaa wote wa Nyawera ungejaa watu wanaotembea uchi. Nilikaa kimya nikisahihisha madaftari. Wote wawili walimzungumzia daktari kama mtu aliyetoka mbali, akaletwa kati yetu na upepo, mmoja akimwona adui na mwingine akimwona mwokozi. Na katika mazungumzo yao yote hakutajwa hata mara moja yule mwingine ninayemfahamu vizuri zaidi, yule anayejaza karatasi na kuondoka.

Daktari wa akili hapiti mitaani akikamata watu. Kabla mgonjwa hajamfikia, uchunguzi wa kwanza umekwisha kufanywa, na walioufanya ni sisi: shangazi aliyesema huyu si mzima, jirani aliyewakataza watoto wake wasikanyage uani, mwenye nyumba aliyetaka chumba chake, mchungaji aliyeona roho. Daktari mwingine hupelekewa mtu anayetetemeka, naye hutoa tone la damu akatafuta malaria. Huyu hupelekewa hukumu, na mtu yumo ndani yake. Hana kipimo cha damu cha kumwambia kama hukumu ile ni ya haki. Ana maneno ya mgonjwa, maneno ya familia, macho yake, na saa chache katika wodi yenye watu wengi kuliko vitanda. Ndiyo maana nasema kwamba kati ya taaluma zote za tiba hii ndiyo inayotegemea jamii zaidi, na ndiyo ambayo jamii huitegemea zaidi inapotaka kunawa mikono.

Lugha yetu yenyewe husaidia katika hukumu hiyo. Neno mzima katika Kiswahili lina maana ya mtu mwenye afya, na mtu aliye hai, na mtu aliyekwisha kukua, na kitu ambacho hakikuvunjika. Tukisema fulani si mzima, tumemnyang'anya yote manne kwa pumzi moja. Baba yetu mdogo, ambaye si mtu mbaya, alianza kumwita yaya "huyu mtoto" katika wiki ya pili ya ugonjwa, naye ni mwanamke aliyekuwa analipa karo za watoto wake wawili, na kabla ya hapo zangu. Pesa zake za mtaji zilihamishwa zikawekwa kwa mtu mwingine "hadi atakapopona", na hakuna aliyemwambia. Neno wazimu nalo limebeba mzimu ndani yake, kwa hiyo kabla hatujaketi kufikiri, lugha imekwisha kututuma tukamtafute marehemu aliyekasirika.

Tulimtafuta, kweli. Karibu mwaka mzima tulizunguka. Kulikuwa na chumba cha maombi, ambako alifungwa mkono kwa kamba kwenye nguzo ya dirisha, kwa upole, wakasema, ili asijidhuru. Sitalitaja kanisa hilo, kwa sababu yapo mengi na yote yanafanana. Kulikuwa na muganga wa kijijini aliyetaka mbuzi na dola 80. Kulikuwa pia na daktari wa kawaida, katika hospitali ya kawaida, aliyeandika dawa ya malaria na vitamini bila kuinua macho kutoka mezani. Katika hao watatu, aliyemtendea yaya kwa dharau zaidi ni yule wa tatu. Mtumishi wa chumba cha maombi alijua majina ya watoto wake, alikuja nyumbani kwa miguu wakati wa mvua, alikula nasi. Muganga alitukalisha wote, hata mimi niliyekuwa nacheka moyoni, akauliza nani ana ugomvi na nani, na ukweli ni kwamba ugomvi aliouuliza ulikuwepo. Muganga hukupa sababu. Daktari wa akili hukupa jina la ugonjwa, na jina halijibu swali ambalo familia imekuja nalo: kwa nini sisi? Sidai kwamba muganga alimponya. Hakumponya hata kidogo, na kamba iliacha kovu ambalo bado lipo. Lakini watu wa hospitali wanaposhangaa kwa nini wagonjwa hufika kwao wakiwa wamechelewa miaka, wangefaa wajiulize ni nani kati yao aliyewahi kukaa sebuleni kwa mgonjwa wake.

Basi tukaamua hospitali, na hapo ndipo aibu ilipofanya kazi yake kwa ufasaha. Bukavu ina kituo chake cha magonjwa ya akili, SOSAME, kinachosimamiwa na Ndugu wa Upendo, watawa walewale wenye kituo cha Tulizo Letu kule Goma, na kile cha Lubumbashi kinachoitwa kwa jina la Joseph Guislain. Tungeweza kumpeleka kwa pikipiki asubuhi na kurudi kabla ya saa sita. Lakini watoto wa mtaa wetu walikuwa wamekwisha kuligeuza jina la kituo kuwa tusi la kurushiana wanapocheza mpira, na binti wa baba mdogo alikuwa anakaribia kutolewa mahari. Kikao cha familia kilichukua dakika 20. Tukaupita mlango wa karibu tukaenda mbali, katika hospitali ambayo sitaitaja, wala mji ilipo.

Jina hilo la Guislain linanirudisha kwa mwenzangu wa historia, kwa sababu hoja yake ina nusu ya ukweli. Joseph Guislain alikuwa daktari wa Ghent, Ubelgiji, aliyefanya kazi pamoja na padri Triest, yule aliyeanzisha shirika la Ndugu wa Upendo mwaka 1807. Mwaka uliofuata, Mjerumani Johann Christian Reil ndiye aliyelitunga neno la Kizungu ambalo mpaka leo linaitaja tiba hii. Taaluma ilikuwa changa kiasi hicho wakati serikali zilipoanza kuikabidhi funguo: Ufaransa ilitunga sheria yake ya wagonjwa wa akili mwaka 1838, Ubelgiji mwaka 1850, na hiyo ya Ubelgiji ilifuata kwa sehemu kubwa mawazo ya Guislain. Sheria hizo ziliwatoa wagonjwa katika magereza na vibanda vya nyuma ya nyumba, zikataka wakaguliwe na watunzwe, na papo hapo zikaeleza kwa utaratibu jinsi mtu asiyetenda kosa lolote anavyoweza kufungiwa bila hiari yake. Yote mawili yaliandikwa na mkono mmoja. Ninausoma kama mkataba: jamii ilisema, tuondoleeni wale tusioweza kuishi nao, nasi tutawapa mshahara, cheo na ufunguo.

Hata ile hadithi maarufu ya daktari Pinel kuvunja minyororo ya wagonjwa mjini Paris ina upande wake usiosimuliwa. Katika hospitali ya Bicêtre aliyeiondoa minyororo, mwaka 1797, ni Jean-Baptiste Pussin, msimamizi wa wodi ambaye hakuwa daktari na ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa hapo kwa ugonjwa wa mwili. Pinel alikuwa amekwisha kuhamia hospitali nyingine, Salpêtrière. Baadaye picha ya rangi ikachorwa, na katika picha anayeamuru ni daktari, amesimama katikati, amevaa vizuri. Mimi, kwa sababu nitakazozieleza, huwa nawaamini zaidi watu wa wodi.

Mwenzangu anapokosea ni anapofikiri kwamba madhambi ya taaluma hii yalitokana na madaktari kujifanya wakubwa juu ya jamii. Nikiangalia yale mabaya kabisa, naona kinyume: yalitokea walipoitii jamii vizuri kupita kiasi. Mwaka 1851 Samuel Cartwright, daktari wa kusini mwa Marekani, aliandika kwamba kuna ugonjwa unaowafanya watumwa watoroke, akautungia jina la Kigiriki na akapendekeza kinga yake, ambayo kwa mengine ilikuwa kuwachapa viboko. Je, alikuwa anaipinga jamii yake? Alikuwa anaiandikia cheti. Katika Umoja wa Kisovieti, wale waliokosoa serikali walipewa jina la skizofrenia inayokwenda polepole, wakalazwa na kudungwa dawa, hadi chama chao cha madaktari wa akili kikajitoa katika chama cha dunia mwaka 1983 kabla hakijafukuzwa. Na hapa Afrika tulikuwa na J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari mjini Nairobi, ambaye mwaka 1951 alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu mwaka 1953. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilimtaka aeleze saikolojia ya Mau Mau, naye akaeleza, akatafuta chanzo cha uasi katika akili za Wakikuyu huku mashamba yao waliyonyang'anywa yakiwa mbele ya macho yake.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa kuupita haraka lakini siwezi, kwa sababu ndani yake kuna karatasi. Kuanzia mwaka 1940 hadi Agosti 1941, katika mpango ulioitwa T4, Ujerumani ya Wanazi iliwaua kwa gesi wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 70,000, kazi ikisimamiwa na madaktari. Kwa kila mgonjwa hospitali ilijaza fomu. Ilitaka kujua ugonjwa wake, ana miaka mingapi hospitalini, anaweza kazi gani. Ilitaka pia kujua kama mgonjwa hutembelewa mara kwa mara, na nani, na anwani ya huyo anayemtembelea. Madaktari ambao hawakuwahi kumwona mgonjwa walisoma fomu na kuweka alama, msalaba mwekundu kwa kufa, mstari wa buluu kwa kuishi. Nilipojifunza habari hiyo ya swali la wageni nilisimama nikatoka nje. Najua kwamba Bukavu si Berlin na kwamba hospitali nilikompeleka yaya haikutaka kumuua mtu. Lakini nilielewa kwamba kuna mstari kwenye karatasi ya hospitali ambao hujazwa na familia peke yake, na kwamba ule mstari ukiwa mtupu mgonjwa amebaki mikononi mwa yeyote.

Wapo madaktari waliokataa kutii. Frantz Fanon alifika hospitali ya Blida, Algeria, mwaka 1953, na watu humkumbuka kwa barua ya kujiuzulu aliyoiandika mwaka 1956, akisema kwamba haiwezekani kumrudisha mtu katika akili zake ndani ya nchi inayomfanya awe mgeni kwake mwenyewe. Ninachokipenda zaidi ni kushindwa kwake kwa kwanza. Aliwaletea wagonjwa Waislamu mambo yaleyale yaliyofanikiwa kwa wanawake wa Kizungu, mikutano, sherehe, gazeti la wodi, nao wakakaa kimya wakimtazama. Akakiri kwa maandishi kwamba kosa ni lake. Ndipo ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, ikatengwa sehemu ya sala, akaitwa msimulizi wa hadithi. Mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, Nigeria, utaratibu wa kuwapangishia wagonjwa vyumba katika vijiji vinavyozunguka hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu wa kumpikia na kumsindikiza, mchana wakienda hospitalini kwa dawa na jioni wakirudi kijijini. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema: hakuna mgonjwa bila ndugu. Huo kwetu si uvumbuzi. Hakuna mtu wa Bukavu anayelazwa kwa kuvunjika mguu bila mtu wa kulala chini ya kitanda chake na kwenda kumtafutia chakula. Desturi hiyo huishia kwenye lango la wagonjwa wa akili peke yake, na si daktari aliyeikomesha hapo.

Sasa nirudi kwenye benchi nilikomwacha.

Wiki ya saba daktari alisema yaya anaweza kurudi nyumbani. Muuguzi alipiga namba iliyo kwenye karatasi, sauti ya mtambo ikamjibu kwamba namba hiyo haipo. Yaya, aliyekuwa ameishika namba yangu kichwani tangu siku niliponunua simu ya kwanza, kwa pesa yake, akasema: "Mbili za mwisho zimegeuzwa. Zirudishe, utampata." Muuguzi hakuzirudisha. Aliandika katika faili, nami faili hiyo niliisoma baadaye, kwamba mgonjwa bado anadai vitu vyake vimebadilishwa, zamani sufuria na sasa namba ya simu. Dawa ikaongezwa. Alikaa wiki tano zaidi, mzima, katika maana zote nne za neno hilo, akisema ukweli ambao ulionekana kuwa dalili.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka na bado sijaweza kumkasirikia muuguzi yule kama ninavyopaswa. Alipewa karatasi yenye mwandiko wa mwalimu, na mwanamke aliyeingia akilalamikia sufuria, akaiamini karatasi. Kosa lake ni kosa kubwa la taaluma yake, kwamba mtu akishapewa jina la ugonjwa kila anachosema husikika kupitia jina hilo. Lakini uongo ulikuwa wangu. Aliyeutatua ni mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa na siku tatu tu katika wodi na hajajifunza bado kutowaamini wagonjwa: alichukua simu yake mwenyewe, akapiga kama yaya alivyomtajia. Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu, chaki mkononi. Nilipofika nikasema ni haraka tu. Yaya hakuniuliza kitu. Njiani aliuliza bei ya sambaza.

Dawa zilimsaidia, na hili naliandika wazi kwa ajili ya wale watakaotaka kuyatumia makala haya kama fimbo. Kabla ya mwaka 1952, wakati Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kuwapa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, dawa ya klopromazini, madaktari walikuwa na bafu za baridi, mshtuko wa umeme, na kile kisu cha ubongo kilichompatia Egas Moniz wa Ureno tuzo ya Nobel mwaka 1949. Haloperidoli, ambayo huku kwetu kila familia yenye mgonjwa huifahamu kwa jina la Haldol, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Iliinyamazisha redio ya yaya. Pia ilimkakamaza shingo, ikamfanya atembee bila kuyumbisha mikono na mate yamtoke, na jamii ikauona mwili huo uliokakamaa ikasema, mnaona, wamemmaliza. Kwa mtazamo wa jirani, ugonjwa ulikuwa ndani na haukuonekana, lakini dawa ilionekana kutoka barabarani. Kuna dawa nyingine ya kulegeza ukakamavu huo, ya bei ndogo. Hatukuelezwa, au tulielezwa kwa Kifaransa cha haraka dirishani mwa famasia. Aliacha kumeza, akaugua tena, na mtaa ukahesabu hilo kama ushahidi kwamba hospitali haiponyi.

Kuna jambo lingine la mji huu wetu ambalo linaniuma, nalo ni kwamba tumejifunza kuwahurumia wagonjwa wa akili wa aina moja. Jeraha la moyo linalotokana na vita liliingizwa katika kitabu rasmi cha uainishaji wa magonjwa cha Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliorudi kutoka Vietnam na watetezi wao kupigania litambuliwe. Jamii iliidai taaluma ibadili kitabu chake, ikabadili, kama ilivyobadili mwaka 1973 ilipoacha kuhesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa. Huku kwetu, baada ya yote tuliyoyaona tangu miaka ya 1990, neno trauma limekuwa la sokoni. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, iliufundisha ulimwengu kwamba mwanamke aliyebakwa anahitaji mshauri wa moyo pamoja na daktari wa upasuaji, na nani atakayelibeza hilo? Miradi ikaja, wasaidizi wa kisaikolojia wakafunzwa, na baada ya Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na benki zikafungwa, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mtu anaamka usiku akipiga kelele.

Lakini yaya hakuugua kwa vita. Niliwahi kumpeleka mahali palipokuwa na mradi, na kijana mpole mwenye fulana ya mradi akatuuliza tukio lilikuwa lipi. Tukamwambia hakuna tukio. Akageuza ukurasa wa fomu yake, akarudi nyuma, akatafuta. Hakukuwa na mstari kwa ajili ya mtu aliyeugua tu. Tunamsamehe mgonjwa tunayeweza kueleza kisa chake, kwa kuwa mwenye hatia ni mwingine, mwenye bunduki. Yule asiye na kisa tunamtafutia kisa, na kwa kuwa hatukipati nje, tunakitafuta ndani ya ukoo, au ndani yake. Mwenye kifafa naye, anayehudumiwa katika vituo hivihivi, yuko katika fungu hilo la wasio na kisa, na chakula chake huwekwa katika sahani ya peke yake.

Mwenzangu wa historia angependa hospitali hizi zifungwe. Nilimkumbusha Italia, ambako daktari Franco Basaglia alianza kufungua milango huko Gorizia mwaka 1961, kisha Trieste, mpaka Sheria namba 180 ya mwaka 1978 ikakataza kulaza wagonjwa wapya katika hospitali za zamani. Palipojengwa vituo vya mtaani, na vyama vya ushirika vya kazi, na vyumba vya kulala, mambo yalikwenda. Palipobaki sheria peke yake, mzigo uliwaangukia akina mama. Nilimkumbusha pia Marekani, iliyokuwa na wagonjwa wapatao 559,000 katika hospitali za akili za majimbo mwaka 1955. Rais Kennedy alitia saini sheria ya vituo vya kijamii mwaka 1963, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 waliobaki hospitalini walikuwa chini ya 100,000. Vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa, na wengi wa waliotoka walihamia katika barabara na magereza. Huko ni sisi, jamii, tulioukataa ule mkataba wa karne ya 19 bila kuandika mwingine. Akaniuliza, basi unataka nini? Nikasema nataka mtu wa wodi apige namba mara ya pili. Akacheka, akidhani ni mzaha; hajui habari ya namba, sijamwambia, labda ataisoma hapa.

Siku hizi yaya hadungwi mbali. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza wauguzi wa kawaida wafunzwe kutibu magonjwa ya akili, na katika kituo cha afya kilicho chini ya kilima chetu yupo mmoja aliyefunzwa, mtu wa makamo, mwenye sauti ya polepole. Dawa ikipatikana, yaya hupata sindano moja kwa mwezi. Ameuza tena sambaza, si kila wiki, kuna wiki mbaya. Mtaji wake alirudishiwa nusu.

Mwezi uliopita daftari la kituo lilijaa, wakafungua jipya, kwa hiyo maelezo yote yakachukuliwa upya. Muuguzi aliandika jina, umri, avenii tunayoishi, kisha akaniangalia mimi juu ya miwani.

"Mwalimu, namba ya msimamizi?"

Yaya alijibu kabla yangu. Aliitaja tarakimu moja moja, akisubiri kalamu, na zile mbili za mwisho akazitaja polepole zaidi. Muuguzi aliziandika, akasema, "Mama, subiri nijaribu," akachukua simu yake juu ya meza. Yangu ikalia mfukoni. Yaya akaniambia niipokee.